Mpambano wa Jumamosi: Dunga na Kondele

Habari za jioni wanakikundi. Tukutane ufuoni Dunga, hapa Kisumu, Jumamosi saa nne asubuhi kwa shindano la kupika samaki. Majiko yanawashwa saa tano kamili.

Wapishi wetu wawili mnawajua, mmoja wa Dunga na mwingine wa mtaa wa Kondele, na humu kikundini tangu wiki jana hakulaliki kwa ubishi wa nani zaidi. Kila mmoja atapewa ngege (tilapia) mzima wa ukubwa sawa, nyanya, vitunguu, dania na jiko la makaa. Kuparua magamba na kumchanja ni mbele ya watu. Mama wa Dunga humkaanga hadi ngozi ikauke ndipo amrudishe kwenye mchuzi. Mwenzake wa Kondele anashikilia kwamba mafuta mengi yanaua utamu. Humchemsha polepole na nyanya, bila kumgeuza. Mimi jicho langu litakuwa kwenye mkia: samaki akivunjika sufuriani, alama zimepotea.

Mboga ni osuga (mnavu), na hapa ndipo patamu, kwa sababu ule uchungu hautoki kwa haraka. Unataka maziwa na subira. Kwa hivyo ije imechemshwa tangu Ijumaa, imaliziwe mbele ya majaji. Ugali ni wa mtama na muhogo, usongwe papo hapo.

Tafadhali, ushabiki usigeuke matusi. Kina mama hawa wanalisha watu mjini kila siku, tuwape heshima yao.

Mchango ni shilingi 200, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni. Vijana wa kubeba maji na makaa, jiandikisheni hapa chini. Mvua ikinyesha tunahamia bandani kwa wavuvi.