Mliwapa alama kwa gemu ipi?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Hata mlipochapisha fumbo lile lile wiki mbili mfululizo nilinyamaza. Ila ile makala yenu ya kuzipanga kampuni za gemu kwa alama, nani aling'ara na nani aliboronga jukwaani enzi za E3, yale maonesho ya gemu za video kule Los Angeles, imenishinda. Sony ya mwaka 2015 mmeipa kumi juu ya kumi. Kumi! Na mwandishi wenu akakolezea kwamba ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Ulilipukia nini? The Last Guardian, ambayo watu walishaahidiwa tangu 2009, ilikuja kutoka Desemba 2016. Shenmue III siku hiyo haikuwa hata gemu, lilikuwa bakuli la mchango: watu waliombwa watoe pesa mtandaoni ndipo itengenezwe, na ikatoka Novemba 2019. Final Fantasy VII Remake ilifika Aprili 2020, tena kipande cha kwanza tu cha hadithi. Kijana aliyepiga makofi usiku ule hana ndevu, aliicheza akiwa anazinyoa. Sisemi gemu zenyewe ni mbovu. Hiyo Final Fantasy naipenda sana. Nasema mlitoa alama za mtihani kwa mwanafunzi aliyesema tu kwamba atakuja kuufanya.

Nintendo ya 2017 nayo imepata saba kwa ajili ya Metroid Prime 4. Kilichooneshwa ni namba nne na jina. Mapema 2019 wenyewe walitangaza kwamba kazi inaanza upya, na gemu ikatoka Desemba 2025. Kampuni ya Bethesda mwaka 2018 walionesha milima, muziki, na jina la gemu, The Elder Scrolls VI. Mpaka naandika barua hii bado tunaitazama milima.

Najua ninachokisema kwa sababu niliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gemu siitaji jina wala kampuni. Kwenye onesho lao kulikuwa na daraja la mawe, mvua inanyesha, taa zinaning'inia pande zote mbili, na mbwa mweusi anamfuata shujaa nyuma nyuma, shujaa akisimama, naye anasimama. Jukwaani kulikuwa na bwana mmoja ameshika pedi ya kuchezea gemu, tukaambiwa anacheza hapo hapo. Niliagiza kabla haijatoka, nikalipa yote. Tarehe ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Ilipofika, nilicheza jioni baada ya jioni nikilitafuta lile daraja, nikampuuza hadi mfalme aliyenituma kazi, na nilipolipata lilikuwa limezibwa kwa mapipa, haliendi popote, jua linawaka, mbwa hayupo. Nikarudi kuiangalia ile video. Safari hii sikumtazama shujaa, nilitazama vidole vya yule bwana. Shujaa anaruka, vidole vimetulia. Shujaa anageuka kumwangalia mbwa, bwana anajikuna shingo kwa mkono wa kulia! Nikawaandikia wahusika, nikajibiwa na mashine kwamba wanashukuru kwa shauku yangu. Ndipo nikafukua nakala ya gazeti lenu la mwaka ule nione mlisema nini. Mliwapa tisa. Tisa, Mhariri, na hiyo tisa hamjawahi kuifuta, wala kuirudia, wala hata kuionea haya.

Tena si jambo geni hilo. Killzone 2 ilipooneshwa 2005 watu waliiona wakaamini ndivyo itakavyochezwa, kumbe ilikuwa filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya onesho. Gemu yenyewe ilikuja 2009. Mwandishi wa gemu asiyelijua hilo aandike habari za bustani.

Na hao waliolipuka kwa shangwe ni nani? Kwa miaka mingi E3 ilikuwa ya watu wa biashara hiyo hiyo. Umma ulianza kuuziwa tiketi, 15,000, mwaka 2017.

Nitoe haki palipo na haki. Mwaka 1995, maonesho ya kwanza kabisa, Sega walitaja dola 399 kwa mashine yao ya gemu ya Saturn, kisha bwana wa Sony akapanda, akasema 299 kwa PlayStation yao, akashuka. Hiyo mpeni kumi, kwa sababu bei unaishika mkononi. Vivyo hivyo 2013: dola 399 za PlayStation 4 ya Sony dhidi ya 499 za Xbox One ya Microsoft, na ile video fupi ya Sony ya bwana mmoja kumkabidhi mwenzake gemu, eti hivi ndivyo watu wanavyoazimana. Nilicheka nikapiga makofi nyumbani peke yangu.

Lakini tazama tulipofika. Ile gemu yangu ya daraja, nilipofungua kasha sikukuta diski. Nilikuta kijikaratasi chenye tarakimu za kupakulia gemu mtandaoni. Kasha zima la plastiki, lina picha mbele na nyuma, ndani karatasi! Mpwa wangu alipokuja kuazima nimpe nini, kasha? Na mwenzangu mmoja aliyenunua toleo la gharama akapata sanamu ya shujaa, mguu umevunjika, na yeye karatasi. Hilo ndilo la kuandikia makala ya kurasa mbili, si nani alivaa koti zuri jukwaani.

E3 yenyewe ilizikwa rasmi Desemba 2023, ila naona mmeshahamishia alama zenu kwenye Summer Game Fest, onesho jingine la gemu. Basi fanyeni hivi. Alama za usiku ule ziandikwe kwa penseli, zifungiwe kwenye droo ya mhasibu, maana yeye hacheki ovyo. Jina bila gemu, sifuri. Pedi ikioneshwa bila vidole kusogea, punguza nne. Gemu ikishatoka, mwandishi wenu akae aicheze kwa muda wa saa kumi na mbili bila kupewa chai na kampuni yoyote, kisha alama mpya zichapwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Na akimwona mbwa mweusi popote, anijulishe.

Msomaji wenu wa siku nyingi