Barua kwa binti yangu anayetaka kuninunulia bia

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, ila sokoni anakwenda mwenyewe na hataki kusindikizwa.

Simu yako imenifurahisha sana, hasa pale uliposema ukija likizo utanitoa kwa mshahara wako, twende baa mimi na wewe, uninunulie bia. Katika wenzangu wote niliofanya nao kazi reli, simjui hata mmoja aliyewahi kualikwa baa na binti yake. Nimekubali, tena kwa moyo wote. Lakini uliniuliza pia kwa nini baa nimeziacha wakati kwenye friji hapa bia za Safari mbili tatu hazikosekani, na jibu lake ni refu kuliko salio langu. Ndiyo maana nakuandikia.

Bia sijaichoka, mama. Naipenda mpaka leo. Kilichonichosha ni namna tunavyokaa nayo.

Pombe ya kwanza kuifahamu ni ya bibi yako, kule Kasulu. Ndizi zilifukiwa shimoni mpaka ziive, zikamenywa, zikakandwa na majani makavu ili maji yake yajitenge na nyuzi, kisha ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa vichachuke. Sare zangu za shule na madaftari yangu vilitoka mle chunguni. Akipika ya mtama, wazee walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Nilikuwa nawatazama kwa makini. Mtu aliye na mrija mdomoni hawezi kusema, kwa hiyo mmoja akivuta, mwenzake anaongea. Na ukivuta mno, wote wanaona, maana chungu ni kimoja. Mambo ya mahari, ya mipaka ya mashamba, ya ndugu waliokosana, yalizungumzwa pale mpaka yakaisha. Bibi yako ndiye aliyepika yote hayo, na kwenye ile duara hakukaa hata siku moja. Nitalirudia hilo.

Nilipohamishiwa Kigoma miaka ya 1980, bia ilikuwa kitu cha kutafutwa. Sisi tuko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na kuiacha nchi haina fedha za kigeni, na kimea, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) na vipuri vya mitambo vilihitaji fedha hizo. Behewa lenye bia likiingia, habari ilifika Mwanga na Katubuka kabla mzigo haujashushwa. Na hununui kwa pesa peke yake: uje na chupa tupu, idadi ile ile unayotaka kubeba. Mtu mwenye kreti lake la chupa tupu chini ya kitanda alikuwa mtu wa kutegemewa. Wakati mwingine iliyopatikana ni Primus ya Bujumbura, iliyokuja kwa maboti, ile chupa kubwa ya sentilita 72. Tuliigawa glasi tatu.

Siisifii dhiki ile. Bia ilikuwa ya moto kwa sababu umeme haukuwepo, na nyingine ilifika imechakaa, haina hata povu. Lakini kwa kuwa hakukuwa na cha kuchagua, hakuna aliyejulikana kwa aina ya bia yake. Dereva wa treni, karani wa bandari, mwalimu na mvuvi wa Kibirizi walikaa benchi moja. Waliofika na treni walikuwa na habari za Tabora na Dodoma, waliofika na meli ya Liemba walikuwa na za Mpulungu, kule Zambia, na redio moja ilitosha baa nzima. Raundi ilikuwa na adabu yake: ukinunuliwa, na wewe utanunua, kama si leo basi mwisho wa mwezi, na hakuna aliyeandika deni. Nilivyopata kiwanja tulichojenga, ni kwa kusikia pale. Habari kwamba mama yako ana posa nyingine kutoka Ujiji niliipata pale pale, nikaharakisha yangu.

Mwaka 1993 Tanzania Breweries ikaingia ubia na South African Breweries, na miaka michache baadaye mambo yakabadilika hata huku kwetu. Bia ya Kilimanjaro ilitoka mwaka 1996. Zikaja nyingine nyingi, zikaja friji za milango ya vioo, na mhudumu akaanza kukuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Mimi nilikuwa na bahati ya kuulizwa swali hilo nikiwa bado kijana wa kutosha kulifurahia. Bia ya leo ni nzuri kuliko ya enzi zetu, na mzee anayekuambia vinginevyo anaukumbuka ujana wake, haikumbuki bia.

Kwa kuwa ni nzuri, inywe vizuri. Usiinywe imekaribia kuganda; baridi kali inauficha uchungu wa hopsi na ile harufu ya nafaka, ukabaki na maji yanayochoma koo. Omba glasi, na uikague kwanza. Glasi yenye mafuta, au ambayo sabuni haikusuuzwa vizuri, inaua povu hapo hapo. Utaliona hata kwetu: tukila dagaa wa kukaanga na kunywea glasi hiyo hiyo, povu linakatika kuanzia pale midomo ilipogusa. Futa midomo kwanza. Inamisha glasi, mimina ubavuni, kisha mwishoni isimamishe povu lipande vidole viwili. Povu ndilo linaloipandisha harufu puani, na nusu ya utamu iko puani. Tazama pia kreti zinakaa wapi. Mwanga wa jua unauvunja ule uchungu wa hopsi na kuzaa harufu mbaya. Chupa ya kahawia inauzuia vizuri, ya kijani au nyeupe inaupitisha kwa urahisi zaidi. Baa inayoacha kreti zake juani mchana kutwa, mimi hapo naagiza soda.

Sasa nikuambie kilichonitoa. Mwezi uliopita rafiki yangu wa siku za reli alishuka kutoka Uvinza, tukasema tukae mahali. Tukaenda baa moja kubwa hapa mjini, mpya, safi, viti vizuri. Spika mbili zenye urefu wa mtu zilikuwa zinapiga singeli, televisheni kila ukuta na mpira wake. Mhudumu, binti mpole tu, ilibidi ainame mpaka sikio lake liguse mdomo wangu ndipo asikie neno "mbili". Meza ya jirani walikaa vijana wanne. Bia zilikuwa zimejaa mezani, nyingi hazijafunguliwa, wakazipanga, wakazipiga picha, kisha kila mmoja akaingia kwenye simu yake kuangalia mkeka wake wa kubeti. Goli likiingia mmoja anaruka, mwingine anashika kichwa, na hawakuambiana chochote. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunatikisiana vichwa tu. Mazungumzo yetu yote tuliyafanya nje, tumesimama penye bodaboda, na hapo ndipo aliponiambia kwamba mkewe ni mgonjwa. Saa nzima tulikuwa tumekaa uso kwa uso na hakuweza kuniambia.

Hilo limeniuma kuliko bei. Sina ugomvi na singeli, na mpira naupenda. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na mahali ambapo mtu mzima anaweza kumwambia mtu mzima mwenzake jambo lililomkaa rohoni, bila barua ya mwaliko, bila kikao cha ukoo, kwa gharama ya chupa moja. Msikiti upo na kanisa lipo, lakini huko huendi kuulizwa, "Vipi, mbona leo kimya?" Baa ilikuwa inauliza. Ikishindwa kuuliza, imebaki duka la pombe lenye viti.

Yapo yaliyobadilika kwa heri, na kubwa kuliko yote ni wewe. Enzi zetu mwanamke aliyeonekana baa alikuwa mhudumu, au alisemwa. Mama yako amekaa nami baa mara chache sana, na kila mara shangazi yako alisikia kabla hatujafika nyumbani. Leo unakaa na wenzako wa kazini, unalipa kwa lipa namba yako, unaondoka. Nikimfikiria bibi yako na chungu chake, naona ni haki iliyochelewa. Kitu kingine chema ni kuondoka kwa viroba, ile pombe kali ya vipakiti. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 niliona tofauti hapa hapa mtaani; vijana wa bodaboda walikuwa wanavifyonza asubuhi kabla ya kupakia abiria.

Na hapa nisikilize kama baba. Chupa ya nusu lita yenye asilimia tano ina karibu gramu 20 za kilevi kitupu, na mwili wa mtu unahitaji saa mbili hadi tatu kuzimaliza, uoge maji ya baridi usioge, unywe kahawa usinywe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Nimelisoma hilo na ninaliamini, na bado nakunywa, kidogo, nikijua ninachofanya. Nawe ujue unachofanya. Kula kwanza. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda msalani usiirudie; agiza nyingine. Ofa ya mtu usiyeweza kumrudishia, ikatae kwa heshima. Nauli ya kurudia nyumbani iwe kwako kabla hujatoka. Baba yako mdogo unamkumbuka: alikuwa fundi hodari kuliko mafundi wote wa karakana, na pombe ilimchukua akiwa na miaka arobaini na kitu. Alianza kwa kuihitaji ili alale. Siku utakapoona unaihitaji ili ulale, au ili uamke, uniambie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitakugombeza.

Kuhusu wapi twende, nimeshachagua. Kuna grosari ndogo upande wa ziwani, mama mwenye nayo anakaanga migebuka vizuri na redio yake ni ya chini. Tusiende Ijumaa wala Jumamosi. Twende Jumanne au Jumatano, saa kumi, kabla watu hawajatoka makazini, tupate ile meza ya pembeni. Kila nikikuuliza kazi inaendaje unanijibu "nzuri tu, baba," na sauti yako sio ya nzuri tu. Nataka unieleze yule mkuu wako wa kitengo ana shida gani, na kama kweli unataka kuacha au umechoka. Raundi ya kwanza lipa wewe kama ulivyoahidi. Ya pili ni yangu, halafu tunaagiza samaki, na bia tunaishia hapo.

Mama yako anasema kama utakuja kwa treni, ukifika stesheni ya Tabora umnunulie asali, chupa mbili, na uhakikishe vifuniko vimekaza maana ya safari iliyopita ilimwagikia nguo.

Ni mimi, baba yako akupendaye.