Sehemu ya Asiyewekewa Kitu

Mpendwa rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta wazima wa afya, wewe, mumeo na binti yetu. Barua yako niliipokea na kuisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa niliona swali lako halistahili jibu la haraka. Umeniandikia kwamba tangu ulipoanza kufuatilia habari za watoto wanaoishi katika ufukara, hakuna jambo zuri unalolifanya pasipo moyo kukusuta: viatu ulivyonunua umevirudisha dukani, mapumziko mliyoyapanga mmeyaahirisha, na sasa unafikiria kuiacha ipite siku ya kuzaliwa ya binti yako, kwa sababu unaona haya kumfanyia mtoto mmoja sherehe wakati mwingine analala njaa. Kisha ukauliza kama Mkristo ana ruhusa ya kufurahi katika dunia ya namna hii.

Naamini anayo, ila ruhusa hiyo ina masharti, na ningependa tuyatazame masharti yenyewe kuliko kutuliza tu dhamiri yako. Uchungu wako una sababu. Kwa makadirio ya UNICEF na Benki ya Dunia yaliyotolewa mwaka 2023, watoto wapatao milioni 333 walikuwa wakiishi katika umaskini uliokithiri, yaani katika kaya ambazo kila mtu anaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 4.9 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, wengi wao kwa mambo yanayozuilika au kutibika, kama vile nimonia, kuhara, malaria na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Mtu anayezisoma tarakimu hizo akaendelea na shughuli zake kama kawaida ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kuliko wewe.

Lakini ipo tarakimu nyingine ya kuwekwa kando ya hizo, isiyotajwa na watu. Mwaka 1990 vifo vya watoto wa umri huo vilizidi milioni 12. Kilichovipunguza ni chanjo, vyandarua, maji safi, wakunga waliofunzwa, na pia mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi za wakimbizi mpakani mwa India na nchi ambayo sasa ni Bangladesh, dripu ziliisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, huku ndugu zao wakisaidia kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Nakukumbusha habari hii kwa sababu huzuni yako imeanza kukuaminisha kwamba hakuna kinachowezekana, na hapo ndipo inapoacha kumsaidia mtoto yeyote. Kirudishe kiatu dukani mara mia, na hakuna mtoto atakayepata maji ya kunywa kwa sababu hiyo, isipokuwa fedha uliyorudishiwa iende mahali fulani. Je, ilikwenda? Katika barua yako hukuniambia.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana naona umeyasoma upande mmoja. Umenitajia tajiri na Lazaro, umenitajia Amosi akiwakemea waliolala juu ya vitanda vya pembe na kunywa divai katika mabakuli, na yote hayo ni kweli. Fungua na Nehemia sura ya 8. Watu wamesikia torati ikisomwa, wamelia, na pengine walikuwa na kila sababu ya kulia, kwa kuwa walikuwa wametoka uhamishoni na mji ulikuwa bado unajengwa. Wakaambiwa waende zao wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, na katika pumzi hiyohiyo wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu, kwa kuwa furaha ya Bwana ndiyo nguvu zao. Mimi husimama hapo kila ninapoifikia aya hiyo. Hawakuambiwa wachague kati ya kula na kupeleka, wala hawakuruhusiwa kula peke yao kisha waone kama kitabaki kitu. Karamu ilikuwa haijakamilika mpaka sehemu ile imetoka nyumbani.

Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inakwenda mbali zaidi. Fungu la kumi, ambalo wengi wetu tunalijua kama deni tu, hapo linaliwa na mwenyewe pamoja na jamaa yake mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa tatu linawekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Ona jinsi sheria hiyo ilivyotungwa. Furaha imewekewa siku yake, na yatima amewekewa chakula chake, wala chakula cha yatima hakikuachwa kingoje hisia za mtu aliyeguswa moyo kwa bahati siku ile. Hilo ndilo jambo ninalotamani ulishike kuliko mengine yote katika barua hii: huruma inayotegemea jinsi tunavyojisikia humwacha mtoto na njaa siku tunapojisikia vizuri, na tena humwacha na njaa siku tunapohuzunika mno hata tusifanye lolote.

Kuhusu tajiri wa Luka 16, Yohana Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa kanisa la kale, aliwahubiria watu wa Antiokia mfululizo wa mahubiri juu yake katika karne ya nne, akasema waziwazi kwamba kutowagawia maskini mali zetu ni kuwaibia. Ni neno gumu, nami nalikubali. Hata hivyo soma tena mfano wenyewe: Lazaro aliwekwa mlangoni pa tajiri. Kila mara tajiri alipotoka au kuingia alimpita mtu mwenye vidonda, na mbwa ndio waliomkaribia. Mavazi ya rangi ya zambarau na kitani safi hayakumkosesha macho. Macho anayo, na huko kuzimu anamtambua Lazaro kwa jina lake. Alijua yupo. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, akala kwenye nyumba za watu hata wakamwita mlafi, akampokea mwanamke aliyemwaga marhamu ya thamani ya dinari zaidi ya mia tatu, na ni huyohuyo atakayetuuliza habari za wadogo wenye njaa na kiu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huenda halitakufurahisha, na wala halitawafurahisha wahubiri wanaotuambia kwamba ukishatoa sadaka yako, kilichobaki kitumie upendavyo. Zipo starehe ambazo hazitakaswi kwa sadaka ya ukubwa wowote. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa katika utumikishwaji, wengi wao mashambani na baadhi migodini. Starehe yangu ikiwa imechumwa au kuchimbwa na mtoto aliyepaswa kuwa darasani, siwezi kumfariji mtoto huyo kwa sehemu ya akiba niliyoipata kwa kununua kazi yake kwa bei rahisi. Palipo na njia ya kujua, tuulize bidhaa imetoka wapi; palipo na mashaka makubwa, tuiache. Vivyo hivyo starehe inayonifanya nisiwalipe kwa wakati wanaonifanyia kazi nyumbani, kwa kuwa nao wana watoto. Kadhalika starehe ya kujionyesha, ambayo raha yake yote inatokana na kwamba wengine hawana. Hizo ziache bila majonzi. Viatu vya kuvaa, siku za kupumzika na mumeo, nyimbo, maua, sherehe ya mtoto: sioni kwa nini uziweke kundi moja na hizo.

Umeniuliza pia ni kiasi gani. Zakayo alitoa nusu, mjane alitoa vyote, Yohana Mbatizaji alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kila mmoja siku ya kwanza ya juma aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Sioni kiwango kimoja, ila naona mpangilio mmoja: sehemu ile hutengwa mwanzo, kabla ya matumizi, na hukua kadiri kipato kinavyokua. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alieleza habari za kijana wa chuo cha Oxford, ambaye wengi huamini ni yeye mwenyewe, aliyekuwa akipata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Kipato kilipofika pauni 60 aliendelea kuishi kwa 28 na kutoa 32. Sisi tulio wengi tungehamia nyumba kubwa zaidi. Kaeni chini wewe na mumeo, mkubaliane sehemu ambayo mtaihisi kidogo mkononi, muitoe siku ileile mapato yanapoingia, kisha kilichobaki mkitumie kwa shukrani na bila kujihukumu upya kila mnaponunua kitu. Paulo alisema si kwa huzuni wala kwa lazima, na nadhani alijua kwamba atoaye kwa huzuni huchoka mapema.

Lakini sehemu hiyo iende wapi? Nitakuonyesha jambo moja kwa karibu. Mhudumu wa afya anayemkagua mtoto wa kati ya miezi 6 na 59 huuzungusha utepe mwembamba kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha husoma kipimo pamoja na rangi. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Chukua uzi, pima sentimita 11.5, fanya duara uliweke mezani, ulitazame. Mtoto wa namna hiyo, akiwa bado ana hamu ya kula na hana maradhi mengine makubwa, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani na mama yake kwa pakiti za chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa, mafuta, sukari na madini, na kwa kawaida hupata nafuu katika muda wa wiki chache. Huruma yenye manufaa huwa na sura hiyo ya kawaida: utepe, pakiti, mhudumu aliyelipwa mshahara wake, mama aliyeelekezwa.

Kwa sababu hiyo nakusihi uliangalie upya wazo lako la kutuma kila kitu kwenye kituo cha yatima ulichokiona pichani. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaolelewa katika vituo vya namna hiyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na mara nyingi kilichowapeleka huko ni umaskini. Fedha inayofuata kituo huweza kumtoa mtoto mikononi mwa mama. Fedha hiyohiyo ikimfuata mama, mtoto hubaki nyumbani. Kama ungependa kumfadhili mtoto mmoja, hilo nalo lina ushahidi: utafiti wa mchumi Bruce Wydick na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nchi sita, ulionyesha kwamba watoto waliofadhiliwa walisoma zaidi ya mwaka mmoja wa ziada kuliko wenzao. Chagua mpango unaohudumia familia na unaotoa hesabu zake, na usivutwe na picha zinazomwonyesha mtoto katika aibu ya uchi wake. Ungekuwa ni binti yetu, usingekubali apigwe picha hiyo.

Nikirudi kwa binti yetu mwenyewe, hapo ndipo siwezi kukubaliana nawe hata kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, pamoja na mtoto wa kambini na mtoto wa mtaa wa mabanda. Na nabii Zekaria, alipooneshwa Yerusalemu iliyorejezwa, aliziona njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Kama mchezo ni sehemu ya kile ambacho Mungu amewaahidi watoto, na kama tunasikitika kwamba watoto maskini wamenyang'anywa, basi tunawezaje kumnyima wetu kwa jina la wale? Ukimzimia furaha yake atajifunza kwamba maskini ndio sababu ya nyumba yao kuwa na huzuni, na nahofia atakuja kuwachukia akiwa mkubwa. Mfanyieni siku yake. Mwache aalike wenzake, na kati yao awepo yule ambaye haalikwi na watu, maana Luka 14 inatutaka tualike wasioweza kutulipa. Awe mgeni kama wageni wengine. Asisimamishwe mbele na kutangazwa kwamba amesaidiwa.

Mazungumzo kuhusu watoto wasio na chakula yasimkwepe, ila yaje kwa kiasi cha umri wake, na yaje pamoja na kitu cha kufanya. Kumweleza mtoto wa miaka saba habari za njaa bila kumpa njia ya kushiriki ni kumtwisha mzigo ambao hata sisi watu wazima unatulemea. Ile sehemu yenu ya kila mwezi mwonyesheni, aione ikitoka.

Viatu, ikiwa vya zamani vimekwisha, kavinunue. Mapumziko yenu pia msiyaahirishe tena. Mmekuwa mkifanya kazi kwa muda mrefu na mumeo amechoka, hata kama hasemi. Ukishakaa naye mkakubaliana kuhusu ile sehemu, niandikie mmeamua nini na mmechagua kuipeleka wapi, kwa kuwa nami napitia upya yangu mwezi huu na ningependa tulinganishe. Mwambie binti yetu kwamba zawadi yake imo njiani.

Nisalimie wote nyumbani. Neema ya Bwana iwe nanyi.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.