Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Kilifi: Taa za pwani kati ya magharibi na isha

Mheshimiwa, salaam.

Naandika kutoka Gede, ninakoongoza wageni msituni Arabuko-Sokoke.

Alfajiri moja mwezi wa Aprili niliokota ndege chini ya ukuta wa hoteli moja ya Malindi, ukuta unaomulikwa usiku kucha. Mdogo, hazidi gramu 10. Nilipompuliza manyoya ya kifua nikaona mafuta ya manjano yamejaa chini ya ngozi mpaka kwenye kishimo cha koo. Hayo ndiyo masurufu yake ya safari ya kurudi Ulaya kutaga. Mlinzi aliniambia kwamba mawingu yakishuka, yeye huwafagia wengine kama huyo.

Ndege wadogo wa aina hii husafiri usiku: hewa imetulia, haina joto, vipanga wamelala, na mchana unabaki wa kutafuta wadudu. Wala hawaondoki saa yoyote tu. Wengi huruka jua likishatua, katika muda ule ule kati ya adhana ya magharibi na ya isha. Mwanga wa machweo huwasaidia kusawazisha dira yao, kisha nyota zinatoka na usiku mzima uko mbele. Aliyenona huwahi; aliyekonda huahirisha. Na wote huangalia upepo. Kusi ikianza, wanasukumwa kutoka nyuma, kama majahazi. Vasco da Gama aling'oa nanga hapa Malindi Aprili 1498 kwa upepo huo huo.

Muda huo ndio mataa yote ya ufukweni huwashwa. Masika nyota hufunikwa, ndege huvutwa na mwanga, wakazunguka mpaka wakachoka au wakagonga ukuta. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 watafiti huwavisha pete ndege wanaovutwa na taa usiku wa ukungu, kisha huwaachia. Wa kwetu huishia kwenye ufagio.

Siombi giza mjini. Akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda wanahitaji taa za barabarani. Naomba mataa yanayomulika juu na baharini yazimwe kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku, katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili. (Vitoto vya kasa wa Watamu, ambao nao hupotezwa na taa, vitapona pia.) Leseni za biashara hutolewa na kaunti yako, sharti hilo liandikwe humo.

Karibu Gede jioni moja ya Aprili. Nitakuonyesha ndege hawa wanavyokula kwa pupa jua likizama, na asubuhi yake tutazame matawi yale yale.

Wako,
Mwongoza wageni, Gede