Kabla Hujapanda Ndege

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku Nanyuki hatujambo. Baba yako ameisoma barua yako ya kukubaliwa Berlin hadi majirani wameikariri. Nafurahi, usidhani sifurahi. Lakini umenijazia ukurasa mzima kuhusu kuwaokoa vifaru kwa kazi ya maabara, na sikuona hata neno moja juu ya yule aliyekufa.

Namsema Curra. Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, anajulikana dunia nzima, tangu alipokufa kwenye hifadhi ya Ol Pejeta Machi 2018, na kila mtu anajua kwamba wa aina yake wamebaki majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu. Curra alikuwa kifaru mweupe wa kusini, wa kubebea mimba isiyo yake. Mwaka 2023 aliwekewa tumboni kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabarani, mimba ikashika, kisha mvua kubwa zikafukua bakteria ardhini, akaugua, akafa. Walipompasua walikuta kijusi cha kiume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Pima kwenye kidole chako. Januari iliyofuata wataalamu wakatangaza ufanisi, na kweli ulikuwa ufanisi, kwa sababu mimba ya kifaru haikuwahi kushika kwa njia hiyo. Si mimba iliyomuua, najua utanikosoa hapo. Ila mimi nilisikia habari ya mama aliyekufa na mwanawe tumboni, nikashangaa mbona watu wanapongezana.

Sikukumbushi yule mtamba wetu aliyepigwa sindano ya mbegu ya dume kubwa kupita mwili wake. Tochi uliishika wewe.

Hawa wa kaskazini siwapingi. Kule Garamba, Kongo, hawakuisha kwa uzee, waliishia kwenye bunduki za watu waliotaka pembe, kwa hiyo deni ni letu. Lakini deni letu lisilipwe na Curra. Fatu hawezi kubeba, kizazi chake kina kasoro. Najin miguu ya nyuma ni dhaifu, na mwaka 2021 wataalamu waliketi wakaamua asitolewe tena mayai ya kutengenezea viinitete. Hapo niliwaheshimu sana. Wangeweza kuendelea naye kwa kuwa wana haraka, wanataka ndama azaliwe wawili hao wangali hai wamfunze kuishi kifaru, na bado wakasema basi, huyu apumzike. Ukiwa mtu wa kusema basi, nitakuwa nimezaa.

Wale Wamarekani uliowasifu, wanaotaka kumrudisha mamothi, yule tembo wa manyoya aliyetoweka zamani, sijui. Mimba ya tembo ni miezi 22. Jike abebe miezi yote hiyo mtoto wa baridi asiyefanana naye, kwa faida ya nani? Huyo mamothi hana hata mmoja wa kumlea. Yule mbuzi-mwitu wa Uhispania aliyekuwa ametoweka, wataalamu wa huko wakamrudisha mwaka 2003, aliishi dakika chache tu, mapafu yakagoma, na majike mengi yalikuwa yamepandikizwa kumpata huyo mmoja. Nani aliwahesabu hao? Wewe una akili kuliko sisi sote hapa nyumbani, lakini tangu utotoni ukipenda kitu huulizi kinamgharimu nani. Basi huko maabarani uliza. Uliza hata kama profesa atakunja uso. Anayebeba ni nani, na akianza kuumia nani atasimamisha kazi?

Sweta mbili nimeziosha, ile ya kijani ina tundu kiwikoni, nitaishona. Cheti cha chanjo kiko kwenye bahasha ya kaki pamoja na pasipoti, usizitenganishe. Tangi limepasuka tena na fundi hapokei simu. Ada ya mdogo wako tutaipata tukiuza yule fahali, usitume chochote kutoka kwenye posho yako.

Mpigie Shosho Jumapili asubuhi kabla hajaenda kanisani, jioni huwa hasikii vizuri. Na swali langu nijibu kwa barua kabla hujaondoka, usinitumie vile vidole gumba vya simu.

Ni mimi,
Mama yako