Mhariri, tuambieni kama aliyepona ni panya au mtu

Mhariri,

Mimi msomaji wa siku nyingi na ukurasa wa afya huwa siuruki, ila kwenye habari mlizoandika za hii karnosini, kitu cha asili cha mwilini kinachouzwa pia kama vidonge na kusifiwa kwamba kinasaidia wenye kisukari, naomba mnisikilize kidogo. Mama mdogo wangu ana kisukari mwaka wa tisa huu, alisoma kwamba karnosini inazuia sukari isile figo, akanunua vidonge, sawa, hapo sina neno, kumbe huku nyuma dawa za hospitali anameza leo anaruka siku mbili, eti mwili upumzike. Alipokuja kupimwa sukari ilikuwa imepanda vibaya mno. Yupo, namshukuru Mungu, ila wiki ile nyumba nzima hatukulala.

Ndo nikaanza kusoma. Na niseme ukweli, karnosini sio utapeli. Ni dipeptaidi, yaani amino asidi mbili tu (vipande vidogo kama vile vinavyojenga protini) zimeshikana, beta-alanini na histidini, mwili wenyewe unaitengeneza na imejaa kwenye misuli, kwenye ubongo pia ipo. Aliigundua Mrusi anaitwa Vladimir Gulevich mwaka 1900 akichunguza nyama, na jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini la nyama. Ukikimbia mpaka mapaja yanawaka moto, hiyo ni moja ya vitu vinavyopunguza makali ya asidi humo ndani. Halafu kuna hili la sukari, sukari ikikaa nyingi kwenye damu inajibandika kwenye protini na kuziharibu taratibu, ndo maana kisukari kinakula macho, figo na mishipa, sasa kwenye maabara karnosini inajitanguliza mbele, ile sukari na mabaki yake yanashikana nayo yeye na protini inapona. Mimi nilivyosoma hapo nilifurahi sana, nikamwelewa mama mdogo.

Lakini panya hana kwenye damu yake kimeng'enya kinachoitwa karnosinezi, na sisi binadamu tunacho. Hicho kazi yake ni kuikata karnosini irudi kuwa vipande viwili. Kwa hiyo panya akipewa inamzunguka mwilini, mtu akimeza inakatwa haraka ikishafika kwenye damu, na habari nyingi za "karnosini yatibu" ukizifuatilia mpaka mwisho unakuta ni panya. Hilo hamkuandika! Na ndo kiini cha jambo lote, maana mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba wenye kisukari waliorithi aina fulani ya jeni ya CNDP1, jeni inayotengeneza hiyo karnosinezi, aina ile inayowafanya wawe na kimeng'enya hicho kidogo kwenye damu, ugonjwa wa figo uliwapata kwa nadra kuliko wenzao. Kwa hiyo matumaini yapo kweli, na kuna watafiti wanahangaika na karnosini iliyobadilishwa kidogo ili isikatwe, inaitwa karnosinoli.

Kwa watu wenyewe majaribio ni machache na madogo. Kuna moja la 2016, watu 30 wenye uzito mkubwa wasio na kisukari, nusu walimeza gramu 2 kwa siku wiki 12, na insulini yao haikupanda kama ya wenzao waliopewa kidonge kitupu (insulini ikipanda ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia vizuri). Linatia moyo, ila ni watu 30. Japani wanatumia karnosini iliyounganishwa na zinki kutibu vidonda vya tumbo tangu miaka ya 1990, hiyo ni dawa kabisa ya daktari. Halafu kuna matone ya macho ya aina ya karnosini yanayouzwa eti yanaondoa mtoto wa jicho, wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia utafiti wake wakatoa ripoti 2017 kwamba hakuna ushahidi wa kuaminika, na bado watu wanayaweka machoni huku wanaahirisha upasuaji.

Ombi langu Mhariri, mkiandika tena habari ya namna hii wekeni juu kabisa, sio aya ya mwisho, waliojaribiwa ni panya au watu, wangapi, kwa muda gani, na kama waliendelea na dawa zao. Mama mdogo vidonge vyake bado anavyo na daktari wake anajua, ila zile za kisukari sasa anameza kila siku na mdogo wangu ndo anamhesabia.

Msomaji wenu