Barua ya wazi kwa wadau wa vijana wa kata yetu

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, walimu, masheikh na wachungaji, ninyi wenye karakana na maduka, nanyi wanangu mnaofanya kazi kwenye mashirika:

Salaam. Ninawaandikia hadharani kwa sababu yaliyoniudhi yalifanyika hadharani.

Siku ya kuzindua ushirikiano wetu wa kuwahudumia vijana, mmoja wetu alishika kipaza sauti akasema vijana wa Morogoro ya leo hawana ndoto, wanachojua ni bodaboda na kusuka mikeka ya kubashiri mechi. Meza kuu ikapiga makofi. Vijana wenyewe walikuwa juani tangu saa tatu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, naye alifika saa saba. Igizo walilolifanyia mazoezi likakatwa ili hotuba zipate nafasi. Na yule binti wa fulana ya njano, aliyenyoosha mkono tangu mwanzo, hakuna aliyempelekea kipaza sauti. Nilimfuata baadaye nikamuuliza alitaka kusema nini. Alitaka kujua fomu za kujiunga na chuo cha ufundi zinatoka lini na zinapatikana wapi, maana anataka kusomea umeme wa magari. Binti huyu anaishi mwendo wa daladala moja tu kutoka VETA Kihonda, chuo cha ufundi cha serikali.

Mtoto anayejua anachokitaka, akakosa mtu wa kumtajia tarehe ya fomu, hajakosa ndoto. Amewakosa ninyi.

Nimefundisha ufundi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili nalijua vizuri kuliko mengine yote. Kijana hawezi kutamani kazi ambayo hajawahi kumwona mtu anayefanana naye akiifanya. Anaona bodaboda, anataka bodaboda. Anaona jirani ameshinda mkeka, hamwoni aliyeuza simu yake kulipia mkeka mwingine. Mkitaka macho yake yafike mbali zaidi, msimweleze kwa maneno. Mkalisheni karibu na mtu anayefanya kazi yake vizuri, akae naye mwaka mzima, ashike vifaa, akosee, akaripiwe, arudie. Hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote mnayoweza kuitoa, na haihitaji hema wala mshereheshaji.

Sasa tazameni tunachokifanya. Kila mdau anakuja na bango lake na semina yake. Kuna kijana hapa mtaani ameshakaa semina za ujasiriamali hadi anaweza kuwafundisha wakufunzi. Kila mara anaandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio, anapewa daftari, kalamu na nauli, na picha yake inakwenda kwenye taarifa ya mfadhili. Akirudi nyumbani ni yule yule. Fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mwaminifu, alikuja kwenye kamati yetu akasema yuko tayari kuchukua vijana wawili bila kuwatoza ada. Aliomba miwani ya kukingia macho, glavu za ngozi na buti. Basi. Akajibiwa kwamba bajeti haina kipengele hicho. Wiki hiyo hiyo bajeti ilikuwa na kipengele cha fulana, cha maji ya chupa, cha ukumbi, na cha posho zetu sisi wajumbe tuliokaa kumjibu. Niliona aibu hata kumtazama. Yule fundi ndiye alikuwa ushirikiano wenyewe, alitufuata kwa miguu yake, nasi tukamrudisha kwa sababu hakuwa na nembo ya kubandika kwenye bango!

Wanangu wa mashirika, nawapenda, na najua mwenye fedha ndiye anayepanga vipengele. Lakini mnaweza kumwambia hapana. Mwandikieni kwamba Morogoro hatuhitaji semina ya kumi ya kutambua fursa, tunahitaji miwani ya kuchomelea. Mkiogopa kumwambia, mnamfanyia kazi nani?

Wapo pia vijana waliokwisha jifunza kazi mtaani na wanaiweza, ila hawana karatasi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia chini ya mwembe anapimwa, penye upungufu anaongezewa mafunzo, anapewa cheti. Nimeuliza vijana wa gereji nyingi kuelekea Msamvu, wengi hawajawahi kusikia habari hiyo. Nani alipaswa kuwaambia? Kamati hii ina afisa wa maendeleo ya jamii, ina walimu, ina misikiti na makanisa yanayojaa kila wiki. Tangazo la dakika moja lingetosha.

Na kazi zenyewe zipo. Sheria ya manunuzi ya umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Shule zetu zinanunua madawati, zahanati zinahitaji milango na madirisha, ofisi zinahitaji mashati ya walinzi. Ila kikundi kisichosajiliwa, kisichoweza kuingia kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, hakipati hata dawati moja. Hapo ndipo ofisa mmoja na kompyuta moja, akikaa na vijana mchana mmoja kuwasaidia kujisajili, anafanya kazi kubwa kuliko uzinduzi wetu wote.

Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya madeni kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika, ikarudishwa mwaka 2024. Nasikia lawama zote zikiwaangukia vijana. Lakini tulitangaza mkopo kwanza, ndipo vijana wasiojuana wakakimbilia steshenari kuchapa katiba ya kikundi, wakapewa fedha, na hakuna aliyekanyaga kwenye mradi wao hadi siku ya marejesho. Fedha isiyo na mtu mzima wa kuifuata kwa upendo na kwa ukali humpotezea kijana jina lake katika umri ambao jina ndiyo mali pekee aliyo nayo.

Mji wetu ungepaswa kuwa na kumbukumbu. Kiwanda cha Morogoro Shoe kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe mamilioni ya jozi za viatu kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kutumia zaidi ya sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na viatu vya Ulaya havikwenda. Waliopanga walifikiria mashine, jengo na soko la mbali kabla ya kufikiria ngozi itatoka wapi na mikono ipi itaziendesha. Sisi leo tunafikiria jengo la kituo cha vijana, ambalo sasa hivi linatunza viti vya harusi.

Yanayowezekana yanajulikana. Pale Mathare, Nairobi, mwaka 1987 ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA. Timu zao hupata pointi za ligi kwa kushinda uwanjani, na pia kwa kusafisha mitaa yao. Vijana wenyewe huchagua viongozi, hufundisha wadogo zao, huamua mambo yao. Kutoka hapo ikazaliwa timu ya soka ya Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Sisemi tuwaige kwa kila kitu, maana Mathare ni Mathare. Nasema kule kijana alipewa madaraka tangu akiwa mdogo, wakati sisi kwenye kamati ya vijana yenye wajumbe wengi namna ile hatuna kijana hata mmoja chini ya miaka 30. Ninyi hamjaliona hilo?

Nanyi wazazi, kwa kuwa najua barua hii itawafikia. Mtoto akisema anataka kuwa fundi bomba mnanuna, mnasema tumekusomesha bure. Akikaa nyumbani miaka mitatu akisubiri ajira ya ofisini, mnamwita mvivu. Binti akitaka gereji mnamcheka mbele ya wageni. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi darasani, na bado nawajua akina baba walioficha habari hiyo kwa binti zao ili wasione aibu ya mtaa. Aibu hiyo ni ya nani?

Mengine nayataja tu. Mikutano ifanyike jioni, vijana wanafanya vibarua mchana. Maktaba ya shule ifunguliwe siku za likizo. Anayekuja na ulemavu awekewe njia ya kuingia. Mgeni rasmi akichelewa, tuanze bila yeye. Posho za wajumbe zipunguzwe, na yangu iwe ya kwanza kukatwa.

Kwenye kikao kijacho ninaomba tusisomewe taarifa ya utekelezaji. Mtendaji alete daftari lenye safu mbili: upande mmoja jina la karakana, duka, shamba, saluni au ofisi iliyokubali kumpokea kijana kwa mwaka, upande wa pili jina la kijana huyo na namba ya mzazi wake. Yule fundi wa kuchomelea nimeshazungumza naye, bado yuko tayari, na miwani miwili imepatikana. Fundi wa umeme wa magari wa kumpokea yule binti wakati akisubiri chuo bado namtafuta. Mwenye kumjua aniletee jina kabla ya Ijumaa. Nyumbani kwangu mnapafahamu.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Morogoro